Nyama Isiyo na Mwenyewe

Bulla Pesa,
Isiolo.
17 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Akiru,

Pokea salamu zangu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini zitakukuta mzima na mwenye joto, maana nasikia huko Winnipeg baridi imeshaanza kuwafungia watu ndani. Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha? Na kazi je, bado wanakupangia zamu za usiku? Sisi huku tu wazima. Mzee wangu Emanikor akisimama goti linamsumbua, akikaa anatusumbua yeye. Mvua imekuja ya kutosha, Bulla Pesa yote ni matope, na waliotoka Leparua wanasema mbuzi wamenenepa.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zetu zimekuwa nyumba isiyo na mlango. Lile kundi la familia, ukiandika neno asubuhi, wifi yangu Lorna ameshalipeleka sokoni kabla ya chai ya saa nne. Kwa bahati Magdaline, binti ya Karanja wa duka la pale kona, anakuja huko kusoma. Nitamkabidhi barua hii mkononi, na nimeshamwambia asimpe mtu mwingine hata akilia.

Sasa kaa chini. Ndugu yetu Ekiru ameniambia, tena kwa fahari, kwamba amekuandikia kuwa akili ya Mama imeanza kuruka: hali chakula, na anaiuliza nyama maswali. Akaniambia pia kwamba umejibu, kama hali chakula basi apelekwe kwenye ile nyumba ya wazee upande wa Meru akatunzwe na wenye ujuzi. Nyumba hiyo haimpokei mzazi mpaka watoto wote wakubali kwa kuandika kwenye karatasi yao. Yeye alikubali zamani. Mimi nimekataa. Umebaki wewe, na anataka neno lako la mwisho kabla ya Krismasi. Najua wewe kazi yako huko ni kulisha mama za watu kwa kijiko, kwa hiyo jambo hilo halikukushtua kama lilivyonishtua mimi. Lakini nisome kwanza mpaka mwisho.

Nianze na friza. Ulipomnunulia Mama ulikuwa na nia njema na sikulaumu, ingawa nilikwambia wakati ule kwamba mzee wa miaka themanini hana haja ya sanduku la barafu. Siku ile ile ilipofika, Ekiru alisema jikoni hakuna nafasi, ikaingizwa sebuleni kwake. Lorna, huyo mke aliyetuletea, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka maua ya plastiki juu. Mgeni akiingia anaonyeshwa friza kabla ya kuonyeshwa kiti. Ufunguo anao Lorna, anautembeza shingoni pamoja na rozari.

Unamjua Ekiru. Tangu astaafu, hakuna kamati hapa mjini asiyokaa. Kamati ya harusi, kamati ya mazishi, kamati ya kumkaribisha kasisi, kamati ya kumuaga kasisi. Na kila shughuli inapochinjwa mbuzi, mheshimiwa haondoki bila mguu. Anauzungusha kwenye gazeti, anautia ndani ya mfuko wa unga, anaingia nao nyumbani akitembea upande kama mtu aliyechanika suruali. Zamani mguu ungeliwa siku hiyo hiyo na majirani wakaonja. Siku hizi unaenda kulala. Mtu mzima mwenye mvi anaweka akiba ya mbuzi wa watu, na bado anajiita mzee wa kanisa.

Lorna naye usiniulize. Huyo hali kiporo. Ugali wa jana anawatupia kuku wa jirani, githeri iliyolala anaimwaga mfereji unapopita, chapati ikipoa tu anaikunjia uso. Alishaniambia, mbele ya watoto wangu, kwamba kiporo ni cha watu ambao hawajaendelea. Halafu jioni nimkute ameegemeza simu kwenye kopo la chai, anamtazama mzungu fulani akikata karoti na kumwaga kila kitu kilichobaki kwenye sufuria moja, na Lorna anatikisa kichwa kama aliyefunuliwa siri za mbinguni. Kiporo akikipika mama yake ni ushamba, akikipika mzungu kwenye simu ni elimu. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini, lakini hawakumwona Lorna, ambaye cha jana anatupa na cha leo anagandisha.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo labda theluji imekusahaulisha. Mama alitulea vipi? Kwetu nyama haikuingia mdomoni kabla haijatajwa. Tuliambiwa ni ya mbuzi gani, ametolewa na nani, kachinjwa kwa ajili gani. Ukishasikia unasema Mungu amzidishie fulani, ndipo unanyoosha mkono. Ulikuwa mdogo na mwenye haraka, na ulichapwa mkono mara nyingi kuliko mimi. Na nyama ya matanga hailali. Inaliwa pale pale na waliolia pamoja, mpaka mfupa wa mwisho, na haivuki lango la boma.

Basi Lorna akaanza kumtolea Mama vipande vya friza. Siku ya kwanza Mama akauliza kwa upole, hii ni ya nani? Lorna akamjibu, "Ni ya friza, mama. Kula tu."

Mama akaweka kijiko chini. Kesho yake akauliza tena, akajibiwa hivyo hivyo, kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Tangu hapo Mama akawa anakunywa chai na kumega ugali mkavu. Ekiru akampeleka hospitali, daktari akasema mzee hana ugonjwa, ni njaa tu. Ungedhani hapo mtu mwenye akili angeuliza njaa imeingiaje nyumba yenye friza iliyojaa. Hapana. Walirudi nyumbani wakakaa wakakubaliana kwamba mgonjwa ni akili yake. Mimi nilikuwa nimeambiwa tu kwamba Mama amechoka na anataka utulivu, na kila nilipofika nilikaribishwa mlangoni na kuagwa mlangoni.

Sasa sikia Mungu anavyofanya kazi. Ijumaa mbili zilizopita Ekiru na mkewe walikwenda Nanyuki kwenye harusi, wakamwacha Mama na thermosi ya chai na mkate. Usiku mvua ikaangusha nguzo ya umeme, stima ikapotea mtaa mzima. Kulipokucha, simu yangu ikalia. Ni Lorna, anahema. Alikuwa amesikia kwa jirani kwamba stima imepotea. Hakuniuliza Mama amelalaje. Hakuniuliza kama nyumba inavuja. Aliniambia, "Dada, tafadhali kimbia nyumbani, friza itaharibika. Ufunguo nimeficha kwa sukari."

Nilisema sawa, nikakata. Nilimpitia Habsa, jirani yangu, kwa sababu katika mambo ya kuokoa nyama hakuna anayemshinda, nikachukua karai kubwa na mafuta, tukaenda.

Nilimkuta Mama amekaa kitandani, amevaa, amejifunga leso, amekonda mpaka bangili zimefika kwenye kiwiko. Nililia, sitakuficha. Yeye akaniuliza kwa nini nalia na bado hajafa. Akili yake iliyoruka ilimuuliza Habsa habari za shemeji yake aliyeko Biliqo, kwa jina, na kama yule ngamia aliyevunjika mguu alipona.

Tukamkalisha Mama kwenye kiti cha sebuleni, tukafungua friza. Akiru, nimeona uchoyo wa aina nyingi lakini huo sikuwa nimeuona. Nyama juu ya nyama, gazeti limegandia kwenye mfupa, mifuko ya unga, vichwa, utumbo ambao haukuoshwa vizuri. Chini kabisa mkate wa Pasaka. Ubavuni, kwenye makopo ya siagi, kulikuwa na maharagwe, njegere na wali wa pilau ambao bila shaka yule mzungu wa simu alimwambia aweke. Amehifadhi, hakupika hata siku moja. Barafu ilikuwa imeanza kulegea lakini nyama bado ilikuwa baridi, kwa hiyo tulikuwa na mpaka jioni.

Habsa alisimama mikono nyuma. Kabla hajagusa kitu aliuliza, "Hii nani amechinja?"

Nikamtazama Mama, Mama akanitazama. Hilo ndilo swali lake, neno kwa neno. Habsa ni Mwislamu na maisha yake yote anauliza hivyo, na hapa Isiolo hakuna mtu aliyewahi kusema akili yake imeruka. Ndiyo maana kwenye shughuli zetu zote sisi humwita mumewe, Shuriye, aje achinje, ili kila jirani ale kwa amani. Lakini mama mzazi akiuliza mezani kwa mwanawe, anatafutiwa nyumba ya wazee.

Nikampigia Ekiru. Nilimweka kwenye sauti ya juu ili Mama asikie, nikashika furushi moja moja na kumweleza lilivyo. Mguu huu wenye kamba ya buluu? Akakohoa, akasema ni wa harusi ya Munene, mwalimu mkuu. Huu wa gazeti lenye picha ya trekta? Ubatizo wa mjukuu wa Warigia. Huu uliokatwa kwenye goti? Anadhani ni ule wa kumuaga kasisi. Ndoa, ubatizo, kuaga, kukaribisha, mzee wetu alikuwa anakiri kama aliyeshikwa na polisi, huku nyuma yake muziki wa harusi unalia na nina hakika macho yake yalikuwa kwenye mguu mwingine. Kila alipotaja, Mama alisema taratibu, Mungu amzidishie Munene, Mungu amzidishie Warigia, na Habsa alikuwa anaweka ya kupikwa upande mmoja. Ambazo hakukumbuka kabisa, Mama alisema wapewe mbwa, maana mbwa hahitaji kutajiwa.

Likabaki furushi moja kubwa, limefungwa kwenye mfuko mweupe wa kanisa. Nikamweleza. Akasema labda tuliache tu. Nikamwambia litaoza. Basi akalitaja kwa sauti ya chini: ni nyama ya matanga ya baba mdogo Lochoro.

Baba mdogo, Akiru. Ndugu wa toka nitoke wa marehemu baba yetu, aliyekubeba mabegani ukienda shule. Tulimzika mwezi wa nane, tukalia mpaka sauti zikakauka, na mtoto wa kaka yake alikuwa nyuma ya hema anafunga mguu kwenye mfuko wa kanisa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, Magdaline ni msichana mdogo na huenda akaisoma barua hii njiani. Nilikata simu nikaona aibu kumtazama Mama.

Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Mzee wa watu amelala kwa barafu tangu mwezi wa nane. Mtoeni."

Akatupangia kazi kutoka pale kitini. Ya Lochoro ipikwe kwanza, leo, na waitwe waliolia naye. Nyingine Habsa aigeuze nyirinyiri. Basi tuliwasha majiko matatu uani chini ya mabati. Habsa alikata nyama vipande vidogo vya kidole, akavichemsha kwenye karai mpaka maji yakaisha, akamimina mafuta akakaanga polepole mpaka vikawa vyeusi na vikavu, akatia iliki na vitunguu saumu. Hiyo inakaa miezi ndani ya ndoo yenye kifuniko, bila stima na bila ufunguo shingoni.

Mimi nilishika vile viporo vya Lorna. Maharagwe na njegere niliviunga kwa kitunguu na nyanya mpaka vikashikana. Wali wa pilau niliupasha kwenye sufuria nzito kwa mafuta kidogo, ukafanya ukoko chini, na unajua Mama na ukoko. Mkate wa Pasaka niliukata, nikauchovya kwenye mayai na maziwa nikakaanga. Ugali uliokuwa mezani tangu jana, uliokuwa unasubiri kuku wa jirani, niliukata vipande nikaukausha kwenye kikaango mpaka ukawa na ngozi. Na nyama ya baba mdogo nikaichemsha kwa chumvi tu, kama inavyostahili. Nakwambia ukweli, hakuna kitu nilichonunua siku hiyo isipokuwa nyanya na vitunguu, na uani palinukia mpaka watu wasiotujua wakaanza kutusalimia.

Walikuja waliolia. Emanikor na goti lake, Habsa na Shuriye, ambaye alisema ni kweli mbuzi yule alimchinja yeye mwenyewe kwa mkono wake, Karanja wa duka, na wale akina mama wawili wapangaji wa plotini waliopika matangani. Mama akasimama kwa fimbo. Akataja jina la Lochoro, akasema mbuzi alitolewa na wakwe zake, akaomba Mungu awazidishie. Halafu akala. Akiru, Mama alikula. Alikula nyama, akaomba ukoko, akala ugali wa kukausha, akamnyang'anya Emanikor mfupa. Aliongeza sahani. Tulikula mpaka ikaisha, na mifupa tukaizika nyuma ya choo ili isibaki deni.

Kesho yake mchana ndugu yako na mkewe walirudi. Lorna alikwenda moja kwa moja kwenye friza. Ilikuwa wazi, imeoshwa, imekauka, kifuniko kimesimama. Akashika kichwa kama aliyefiwa. Kwa baba mdogo sikumwona akishika hivyo. Ekiru aliuliza nyama yote imekwenda wapi, nami nilikuwa nimejiandaa kumjibu tangu jana yake, lakini Mama akanitangulia.

"Imeliwa, na kila mtu ametajwa," alisema. "Sasa mimi nikuulize, Ekiru. Huko Meru, mtu akiuliza huyu mzee ni wa nani, watamjibu nini?"

Ekiru alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Kamati zote hizo anazokaa, hotuba zote hizo, na mzee wa kanisa alichomwambia mama yake ni kwamba jambo hilo halimtegemei yeye tena, wanangoja uamuzi wa Akiru.

Hivyo ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Ametupa mzigo kwako na kwenda kulala. Mama yuko kwangu sasa, kwenye kile chumba cha nyuma, na ndoo ya nyirinyiri iko chini ya kitanda chake. Anakula, na shavu limeanza kurudi. Lakini Ekiru bado anayo ile karatasi, bado anasema kwangu ni pembamba na pana kelele, na ukimwambia ndiyo, anaweza kuja kumchukua na kusema watoto wawili kati ya watatu wameamua, huyo wa tatu atakubali tu. Namjua. Mtu anayeiba matangani hashindwi na karatasi.

Emanikor anakusalimu, anauliza kama huko kuna dawa ya goti. Habsa anakusalimu kwa salamu zao, anasema aliposikia una kikohozi alitaka kukutumia mafuta ya ngamia. Shuriye pia. Nilitaka Magdaline akubebee kikopo cha nyirinyiri, akaniambia uwanja wa ndege watakitupa, basi nikaona heri iliwe huku na wenye kuitaja. Lorna sikumuuliza kama ana salamu.

Mama nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza anataka nikwambie nini. Alifikiri kidogo akasema nisikulaumu, wewe uko mbali na uliambiwa vibaya. Hata ukikubali hatakukasirikia. Anakuomba kitu kimoja tu. Ukiandika ndiyo, basi kwenye karatasi hiyo hiyo andika na jina la mtu wa kule Meru ambaye yeye atakuwa wake, ili akiulizwa mezani awe na la kusema. Kama jina hilo huna, anasema usiandike kitu.

Mungu akufunike kwa blanketi lake kwenye baridi hiyo, na kila unachokula huko kiwe na mtu wa kukitaja.

Ni mimi dada yako ninayekupenda hata nikiwa na hasira,
Akidor